Kabla ya Dawa, Mgonjwa wa Goti Atembee

Mtu mwenye maumivu ya goti anapofika hospitalini, mara nyingi hupigwa picha ya eksirei, hupewa dawa za kutuliza maumivu na kuaswa apumzike. Jambo moja husahaulika: kumwomba avue viatu na kutembea hatua kumi, daktari akimtazama. Usahaulifu huo una gharama.

Goti limekaa kati ya nyonga na kifundo cha mguu, na mengi yanayolipata huanzia huko. Katika kila hatua, hata kwenye ardhi tambarare, goti hupokea mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mwili. Misuli ya mbele ya paja hupunguza kishindo hicho. Misuli ya kando ya nyonga hulizuia goti lisiinamie ndani wakati mguu mmoja umebeba mwili. Misuli hiyo ikidhoofika, shinikizo huelemea sehemu moja ya goti, na maumivu huanza.

Hapo mwendo hubadilika. Mgonjwa hufupisha hatua, huchechemea na kuuegemea mguu mzima. Mguu usiotumika hupoteza misuli, na udhaifu huo huzidisha maumivu. Kumshauri mtu huyo apumzike kwa miezi ni kuulisha ugonjwa. Kumwachia anunue diklofenaki mwaka baada ya mwaka ni kuhatarisha tumbo na figo zake, ilhali paja linaendelea kusinyaa.

Wapo watakaosema kwamba kwa mzee gegedu limekwisha kulika, na kwamba wataalamu wa fiziotherapia ni wachache. Hata hivyo, eksirei huonyesha mifupa, si nguvu za misuli. Na wengi ambao picha zao zinaonyesha goti lililolika hawana maumivu makubwa. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unaelekeza mazoezi tiba kwa kila mwenye ugonjwa huo wa kulika kwa viungo, na unakiri kwamba mwanzoni maumivu yanaweza kuongezeka. Kuinuka kitini bila kujishika, au kunyoosha goti ukiwa umeketi na kulishikilia hivyo kwa sekunde tano, hakuhitaji mashine.

Goti lililovimba pamoja na homa, lililoumia katika ajali au lisiloweza kubeba mwili lihitaji uchunguzi wa haraka. Kwa mengine, cheti cha dawa kisiandikwe kabla mgonjwa hajatazamwa akitembea, wala asiondoke bila zoezi alilolifanya mbele ya aliyemfundisha.