Kuridhika Kusingoje Kiinua Mgongo

Wafanyakazi wengi huishi kwa kuhesabu vituo: Ijumaa, mwisho wa mwezi, likizo, kisha kustaafu. Nchini Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa lazima afikapo 60. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 25 basi ana miaka 30 au zaidi ya kuvumilia tu, hadi kiinua mgongo kitoke. Chini ya mtazamo huu kuna imani kwamba kazi ni gharama, na raha ni bidhaa tunayoinunua kwa gharama hiyo baada ya saa za kazi. Imani hiyo ina kosa, na kosa lenyewe linatula umri. Sehemu kubwa ya kuridhika kwa binadamu imo ndani ya tendo, pale mtu anapotumia ujuzi wake kwenye jambo lenye manufaa na kuliona limekamilika mikononi mwake.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulipatikana Marienthal, kijiji cha watu wapatao 1,500 karibu na Vienna, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiwaajiri wanakijiji kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima kikabaki bila ajira. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuwachunguza, na mwaka 1933 wakachapisha waliyoyaona. Ungetarajia kwamba watu wenye muda tele wangesoma zaidi na kushiriki zaidi katika vyama vyao. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole na kusimama ovyo njiani, wengi wakaacha hata kuvaa saa, na walipoulizwa siku yao ilipitaje, walikuwa na machache ya kusema.

Atakayesema kwamba kilichowavunja ni njaa ana hoja, kwa maana umaskini wao ulikuwa wa kweli na posho waliyopewa ilikuwa ndogo. Lakini njaa peke yake haielezi kwa nini kitabu cha bure kiachwe rafuni. Wala haielezi tofauti iliyokuwapo ndani ya nyumba moja: wake walikula mlo uleule haba, ila walikuwa na watoto, jiko na nguo za kushona, na siku zao zilibaki na asubuhi, mchana na jioni. Hata hivyo, wapo miongoni mwao waliotamani kurudi kiwandani, na waliwaambia watafiti kwamba si kwa ajili ya fedha tu. Kazi ilikuwa imewapa wenzao wa kila siku, mpangilio wa saa, na hakika kwamba wanahitajika.

Huenda ikadhaniwa kwamba hayo ni ya wasio na ajira, na kwamba mwenye ajira hupata raha yake akishatoka kazini. Mwaka 1989 Mihaly Csikszentmihalyi na Judith LeFevre walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 78 wa eneo la Chicago, ambao kwa wiki moja walibeba kifaa kidogo cha kutoa mlio. Kila kilipolia, waliandika wanafanya nini na wanajisikiaje. Hali ya kuzama katika jambo gumu kiasi linalolingana na uwezo wa mtu ilijitokeza mara nyingi zaidi kazini kuliko wakati wa mapumziko. Hata hivyo, watu haohao walipokuwa kazini ndipo walipotamani zaidi kuwa wanafanya kitu kingine. Hii ina maana kwamba mazoea ya kuiona kazi kama mzigo yanaweza kumfumba mtu macho asione wema ambao tayari anao.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la haki: maneno haya yasije yakawa wimbo wa kumbembeleza kibarua anayelipwa vibaya. Pingamizi hilo ni halali, na historia inaliunga mkono. Mwaka 1913 kampuni ya Ford ilianzisha mkanda wa kuunganishia magari huko Michigan, na fundi akageuka mtu wa kukaza nati ileile kutwa. Wafanyakazi waliondoka kwa wingi mno hata ikabidi kuajiri watu wapatao 52,000 mwaka huo ili kudumisha nguvukazi ya 14,000. Januari 1914 kampuni ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya maradufu ya yale ya awali, na watu wakabaki. Tukio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Ujira duni hauponywi kwa mawaidha, na anayehubiri kuridhika huku akipunja mishahara anadanganya. Lakini pia malipo yalifidia uchovu wa kazi ile bila kuibadilisha kazi yenyewe. Mfanyakazi anadai vyote viwili, ujira wa haki na kazi yenye maana, na kimoja hakilipi deni la kingine.

Je, kazi za chini nazo zaweza kuwa na maana? Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika makala yao ya mwaka 2001, walieleza habari za wasafishaji wa hospitali moja ya Marekani. Baadhi yao walijiona watu wa kudeki tu. Wengine, wenye cheo hichohicho, walijihesabu miongoni mwa wanaomponya mgonjwa: walizungumza naye, wakapanga usafi ufuate mahitaji ya wodi. Hawa wa pili ndio walioipenda kazi yao.

Hapa ndipo ofisi zetu zinapopaswa kubadilika. Fundi cherehani hupima, hukata, hushona, kisha humwona mteja akiivaa nguo. Karani anayegonga muhuri kwenye faili asilojua limetoka wapi wala linaishia wapi amenyimwa hayo yote, na mwananchi anayeambiwa "njoo kesho" hulipia upungufu huo kwa nauli na siku zake. Wakuu wa idara wangeweza kumkabidhi mtumishi mmoja ombi la mwananchi tangu linapopokelewa hadi linapojibiwa, wakampa mamlaka ya kuamua yaliyo ndani ya ujuzi wake, na wakamjulisha matokeo. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuuongeza ujuzi wake na kuifanya kazi ya leo kwa ukamilifu, kwa kuwa hakuna mshahara wala pensheni itakayomrudishia miaka 30 aliyoipitisha akingoja iishe.