Tuhesabu Miti Iliyo Hai

Kila msimu wa mvua unapowadia, viongozi, wanafunzi na wananchi kwa jumla hujitokeza kupanda miti. Ni jambo la kusifiwa. Lakini taarifa zinazopelekwa ofisini hutaja idadi ya miche iliyopandwa; ni nadra kutaja iliyo hai baada ya kiangazi. Hapo ndipo penye kasoro.

Jani lina vitundu vidogo mno ambavyo huingiza hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa hewa hiyo, maji na mwanga wa jua, mti hujitengenezea chakula. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyotoa maji nje kama mvuke. Katika kila lita 100 zinazofyonzwa na mizizi, zaidi ya 90 hupotea hivyo. Udongo ukikauka, mche huwa mashakani: ukivifunga vitundu, huhifadhi maji lakini hukosa chakula, ukiviacha wazi, hupata chakula lakini hunyauka. Mti mkubwa hustahimili, kwani mizizi yake imefikia unyevu wa chini na una akiba ya chakula. Mche mchanga hauna mizizi mirefu wala akiba kubwa, na bila chakula hauwezi kurefusha mizizi.

Tutazame Dodoma, ambako mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa Desemba una takriban miezi minne ya kuteremsha mizizi. Uliocheleweshwa hadi mwishoni mwa Machi, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa akingojwa, una wiki chache tu kabla ya kiangazi cha zaidi ya miezi sita. Kuuita huo upandaji miti ni kujidanganya.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika vitalu, maji yapunguzwe kidogo kidogo wiki chache kabla ya kupanda ili miche ikomae. Ipandwe mara mvua za kwanza zinapolowanisha ardhi vya kutosha, na viriba viondolewe. Majani makavu yatandazwe kuzunguka shina, na magugu yang'olewe, maana nayo hunywa maji yale yale.

Walimu na watumishi wa umma wana wajibu mmoja zaidi. Mwezi Novemba, kabla ya mvua mpya, kila shule na kila ofisi ihesabu miti yake iliyo hai. Hiyo ndiyo idadi inayostahili kuandikwa katika taarifa.