TV ya mama inapoganda

Wengi wetu tunaosoma safu hii TV ya antena tulishaiacha kitambo. Tunaangalia tunachotaka, saa tunayotaka, kwenye simu. Ila wazee wetu wengi hapa Uingereza bado wako kwenye Freeview, na ikianza kuganda anayepigiwa ni wewe. Umesoma chuo, kwa hiyo ati unajua kila kitu chenye waya.

Mama yangu anaishi peke yake mashariki mwa London. Intaneti ya nyumbani hataki, anasema bili alizonazo zinamtosha. Taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni ndiyo saa yake, usimpigie simu. Sasa juzi akanipigia yeye, saa hiyohiyo.

"Mwanangu, hii TV imeharibika. Wanakatikakatika maneno, na picha imekuwa vipandevipande."

"Shikamoo mama. Chaneli zote au baadhi?"

"Marahaba. Baadhi. Kuna fundi yuko kwa jirani, amesema antena mpya, paundi 280."

"Mama, usimpe hata peni. Nakuja Jumamosi."

Hilo swali la zote au baadhi ndilo la kuanzia. Chaneli za Freeview hazisafiri moja moja. Zimefungwa kwenye mafungu, na kila fungu lina masafa yake. London wengi tunapokea kutoka mnara wa Crystal Palace, ule mrefu wa mita 219 unaouona ukiwa kusini mwa mto. Pale BBC One ya kawaida iko UHF 23, ITV na Channel 4 ziko 26, chaneli kadhaa za HD ziko 30, zilizobaki zimegawanywa kwenye 22, 25 na 28. Kwa hiyo fungu moja linaweza kuugua wakati mengine mazima. Zikipotea zote kwa mpigo, angalia kwanza kama waya umechomoka. Sitanii.

Halafu kuna kitu wazee hawakuambiwa vizuri London ilipozima analojia, Aprili 2012. Zamani mawimbi yakidhoofika uliona chenga, lakini mpira uliendelea kuuangalia. Dijitali inasahihisha makosa yake kimyakimya mpaka inafika kikomo, kisha inaanguka yote. Ndiyo maana mama atakwambia "jana ilikuwa nzima kabisa", nawe unadhani anazidisha. Hazidishi. Huenda ilikuwa ukingoni miaka mitano, na mvua kidogo ikaisukuma.

Jumamosi nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio hadi sehemu ya hali ya mawimbi. Utaona namba mbili: nguvu na ubora. Watu wanaangalia nguvu. Wewe angalia ubora. Kwa mama nguvu ilikuwa juu kabisa, ubora unapanda na kushuka kama lifti. Yaani sauti kubwa, maneno hayasikiki.

Nikasogeza kabati. Nyuma yake, kumbe, kuna kikuza mawimbi, kile kiboksi cha kuchomeka ukutani chenye taa nyekundu. Kiliwekwa enzi za marehemu baba. Hapa nataka mnisikilize, maana hiki kiboksi kiko kwenye nyumba nyingi za wazee wetu. Zamani TV hapa ilitumia masafa mpaka karibu megahezi 860. Sehemu ya juu ikachukuliwa na simu, kwanza 4G, halafu mwaka 2020 kipande kingine kikatengwa kwa ajili ya 5G, na TV sasa inaishia megahezi 694. Kiboksi cha zamani hakijui hayo. Kinakuza kila kitu, pamoja na mnara wa simu ulio mtaa wa pili, na TV inazidiwa. Karibu na mnara wa TV hata mawimbi mazuri yakikuzwa kupita kiasi huharibika. Fundi aliyekuja hakukiuliza wala hakukitazama.

Nikakitoa. Ubora ukatulia, ila fungu moja bado lilikuwa likirukaruka. Waya mweupe mwembamba, umebanwa na kabati mpaka umekunjika, na plagi yake inalegea. Nikaweka mwingine mzito wenye kinga mbili ndani, nikausogeza mbali na waya wa HDMI, maana HDMI ya bei poa huvujisha kelele kwenye masafa ya TV. Gharama yote haikufika paundi kumi. Mama akauliza kama yule fundi amrudie jirani amwambie. Nikasema mwambie wewe, jirani anakuheshimu.

Najua kuna atakayeniandikia: mwekee tu mama intaneti, mambo ya antena yamepitwa. Labda. Leseni za Freeview zinafika 2034, na mjadala wa kitakachofuata ni mkubwa. Lakini mama ana zaidi ya miaka sabini, na ninachokiona mimi ni bili nyingine ya kila mwezi na rimoti nyingine ya kumchanganya. Antena ikishafungwa hailipiwi kila mwezi. Aamue yeye.

Kama mzazi yuko kwenye fleti yenye antena ya pamoja, gonga kwa jirani kabla ya kugusa chochote. Nao wakiganda, tatizo ni la mwenye jengo, mwandikie kwa maandishi na uweke tarehe.

Na tafadhali, waambie wasikimbilie kutafuta chaneli upya picha inapoharibika. TV itafuta zile isizozisikia wakati huo, na mzee atabaki na chaneli za kuuza vito. Nyingine zitahamia namba 800 na kuendelea, ukishangaa mama anapata habari za Kent badala ya London, ujue TV imeshika mnara wa jirani. Kuna siku za joto zilizotulia, kanieneo ya hewa iko juu, ambapo mawimbi ya minara ya mbali hufika kusikotarajiwa na kuvuruga kila mtu. Siku hizo usiguse kitu. Zima, pika chai, jaribu kesho asubuhi. Ukishatengeneza waya na ubora umetulia, hapo ndipo utafute upya: chomoa antena, tafuta mara moja ili orodha ifutike, chomeka, tafuta tena.