Wagonjwa wa mifupa wasifunguliwe mawe



Naomba nieleze jambo linalowalemaza watoto wetu vijijini. Nalo ni tabia ya ndugu kumfungua mawe mgonjwa aliyevunjika paja na kumtorosha hospitalini kabla mfupa haujaunga.

Wananchi wengi wamepata kuona wodini mgonjwa amelala chali, mguu umefungwa kamba, na kamba imepita juu ya gurudumu dogo mwishoni mwa kitanda ikining'iniza mzigo. Mzigo huo huwa vyuma, mifuko ya mchanga au madumu ya maji. Sisi huku tunaita mawe. Wapo wanaosema kuwa hayo ni mateso. Wanaosema hivyo hawajaelezwa maana yake.

Misuli ya paja ina nguvu nyingi. Mfupa ukikatika, misuli hujikaza ikavuta vipande vikapandana, na mguu ukawa mfupi. Mzigo ule huvuta kinyume, polepole, usiku na mchana, ili vipande vikae katika mstari mmoja mpaka viungane. Kwa mtu mzima mara nyingi chuma chembamba hupitishwa katika mfupa chini ya goti, na uzito unaoning'inizwa hukaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Kitanda huinuliwa upande wa miguuni ili mwili wenyewe uvute upande wa pili. Kwa hiyo ndugu anayeuweka mzigo sakafuni usiku ili mgonjwa "apumzike" anaharibu kazi yote.

Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa shule yetu alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika paja. Wiki ya pili baba yake mdogo alimfungua, akampeleka kwa mwunga mifupa. Leo mtoto huyo anachechemea, na kutembea kilomita nne kuja shuleni ni taabu kwake. Lakini tusimlaumu mzee yule peke yake. Ulikuwa msimu wa kupanda. Mama wa mtoto alikuwa wodini akimuuguza, shamba halina mtu, na fedha ya chakula imekwisha. Mtu mzima huweza kulazwa wiki 6 hadi 12 kwa matibabu haya. Ni familia ngapi za wakulima zinazoweza kustahimili?

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo. Kwanza, serikali za vijiji zipange zamu ya majirani kumsaidia muuguzaji na kulima shamba lake. Tukiweza kuchimba kaburi kwa pamoja, tunaweza pia kupanda ekari moja kwa pamoja. Pili, walimu tuwapelekee wanafunzi waliolazwa madaftari na kazi za darasani. Aliyevunjika ni mguu, akili yake ni nzima, na siku za wodini ni ndefu. Tatu, waganga na wauguzi wawaeleze ndugu tangu siku ya kwanza kazi ya mzigo ule, na wawageuze na kuwanyoosha wagonjwa ili wasipate vidonda vya mgongoni na ugumu wa goti.

Kwa waunga mifupa wetu nasema hivi: vijiti vilivyokazwa mno huzuia damu. Vidole vikivimba, vikawa baridi au vyeusi, vijiti vifunguliwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali. Akicheleweshwa, mguu hukatwa.

Mwisho, naiomba Wizara ya Afya iwafikirie watu wa wilayani. Ipo njia ya kuingiza chuma ndani ya mfupa kwa upasuaji, na watu wazima wengi husimama kwa magongo baada ya siku chache. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutengeneza vyuma vinavyoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekwisha vitumia. Mkulima na kijana wa bodaboda wanastahili huduma hiyo karibu na kwao. Mpaka ifike, mawe yaachwe yafanye kazi yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Morogoro.