Maiti Naye Ana Haki ya Jina

Dini yetu imetuhimiza tuharakishe kumzika maiti. Akishaoshwa, akakafiniwa na kusaliwa, hana la kungojea ila kaburi lake. Kwa hivyo si ajabu kuwasikia baadhi ya wazee wetu wa Pwani wakinung'unika kila itajwapo habari ya kupima vinasaba, yaani DNA, kwani kwao maana yake ni maiti kulazwa kwenye jokofu miezi na miezi. Manung'uniko hayo yana msingi, lakini dawa yake si kuikataa elimu hii.

Elimu yenyewe haina uchawi. Kila mtu hupata nusu ya vinasaba vyake kwa babake na nusu kwa mamake, na ndani yake mna sehemu zinazotofautiana baina ya mtu na mtu, isipokuwa pacha wa kufanana. Mwaka 1984 Alec Jeffreys, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kuzisoma. Katika kesi ya mwanzo ya mauaji, mwaka 1986, njia hiyo ilimwokoa kijana aliyekwisha kukiri kosa asilolitenda. Mwuaji mwenyewe alihukumiwa mwaka 1988. Leo hutosha jino au kipande cha mfupa, kikalinganishwa na mate ya mzazi au mtoto.

Je, sheria yetu yasemaje? Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 2002, liliruhusu kipimo hiki kuwatambua maiti wasiojulikana na watoto waliopotea katika maafa na vita. Likakataza kisitumiwe kuitilia shaka nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria, wala kushika mahali pa liani. Basi mume anayetaka kumpima mwanawe kwa fitina za barazani asijifiche nyuma ya maiti.

Maiti asiye na jina huwaacha walio hai katika mashaka. Mkewe hajui akae eda au angoje. Mirathi haigawiki, kwani mwenyewe ni mafkudi. Mamake kila asikiapo hodi huinuka.

Tuliyaona Shakahola, Kilifi. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na jamaa wa kwanza hawakukabidhiwa maiti wao mpaka Machi 2024. Wako waliosema yale si yetu, kwani marehemu hawakuwa wa dini yetu. Naam, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini kesho ikizama jahazi, tutakaosimama mlangoni mwa chumba cha maiti ni sisi.

Rai yangu ni hii. Kuchukua sampuli ni kazi ya dakika chache. Kinachokawia ni majibu ya maabara. Maiti akishachunguzwa na daktari, na sampuli na picha zake zikatunzwa, asingojeshwe. Azikwe katika kaburi lake peke yake, litiwe nambari iliyo sawa na ya sampuli, kisha jina lifuate. Wenyewe wakipatikana, watamwombea hapo hapo bila ya kumfukua. Serikali nayo isiwazike wasiodaiwa katika shimo moja pasipo kuweka alama ya kuwajua. Na masheikh wetu wawaambie watu mimbarini kwamba kutoa mate ili ndugu yako apatikane si dhambi, bali ni katika kumsitiri.