Kidichi: Maji Yalifikaje Kilimani?

Jumapili nilipanda daladala mpaka Bububu, nikakwea kwa miguu hadi Kidichi kuiona ile hamamu. Naona haya kusema, lakini mimi mtoto wa Ng'ambo nimefika huko mara ya kwanza nikiwa na shahada yangu mkononi! Wageni wanaijua kunishinda.

Ni nzuri, nisiseme uongo. Seyyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa mfalme wa Uajemi, wapumzike wakija kukagua mashamba. Nyumba waliyolala haipo tena. Yamebaki makuba, na ndani nakshi za Kiajemi, mitende na tausi.

Nikajitia kwenye kundi la watalii. Mtembezaji wao hodari kweli, mapenzi ya Sultani na Bibi Shahrazad aliyasimulia mpaka mama mmoja akafuta machozi. Nikamuuliza, "Maji yalifikaje huku kilimani?"

Akacheka. "Watumwa, ndugu yangu. Nani mwengine?" Akarudi kwenye tausi.

Hapo ndipo nilipokwama. Watumwa tunawakumbuka Mkunazini, palipokuwa na soko mpaka 1873. Zipo zile sanamu zenye minyororo shingoni, watu wanapiga picha, wanahuzunika, kisha wanakwenda kula pweza Forodhani. Utadhani mtu akishauzwa alitoweka! Jamani, alinunuliwa afanye nini? Wengi walivushwa bahari, lakini waliobaki Unguja waliletwa huku mashamba, wapande mikarafuu, wachume karafuu kwa mkono kabla hazijachanua, waanike majamvini. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa. Wengi wakateremka mjini. Wakakaa wapi? Ng'ambo ya hori, kwetu.

Sisemi hamamu ibomolewe, wala sitaki ule ugomvi wa nani Mwarabu nani Mwafrika, umeshatula vya kutosha. Nataka mtembezaji akimaliza tausi awapeleke wageni hatua chache mpaka kwenye mikarafuu, awaeleze kazi ilivyokuwa. Na hamamuni pawekwe japo kibao kimoja cha waliobeba maji.

Jioni nikamuuliza bibi yangu kama wazee wake walitokea mashamba. Aliniangalia kitambo.

"Kula, mjukuu wangu," akasema, "wali unapoa."