Mtaro wetu si Ziwa Magadi

Leo naweka programu kando kidogo niongee juu ya picha. Mliokuja kutafuta habari za hifadhidata nivumilieni, kabla hatujamaliza mtaona kwamba hatukwenda mbali.

Napenda kupiga picha dhahania za maumbile. Kwa asiyezijua, ni zile picha ambazo ukizitazama huoni mti wala mto, unaona rangi, mistari na maumbo tu. Njia yake si ngumu. Ondoa upeo wa macho, ondoa chochote kinachoonyesha ukubwa wa vitu kama mtu au gari, kisha elekeza kamera chini moja kwa moja. Gome la mti litafanana na ramani, na tope lililokauka litafanana na jangwa. Mimi naishi Jericho, hapa Eastlands, na sina pesa za kwenda mbugani kila wikendi. Kwa hiyo napiga vilivyopo: kuvu ukutani, udongo, maji ya mvua, majani yanayooza.

Sasa sikilizeni kisa. Mvua zilipokwisha, maji yalibaki yamesimama wiki nzima katika mtaro ulioziba nyuma ya soko. Ukoga wa kijani ukatanda juu yake. Ukingoni kukawa na utando mweupe uliopasukapasuka, na katikati mchirizi wa rangi ya kutu. Nikachuchumaa, nikapiga. Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, nikaiweka kwenye skrini ya tarakilishi yangu.

Mwezi uliofuata nilikuwa ofisini kwa mteja niliyemtengenezea mfumo wa kuhesabu mali ya stoo. Akaiona.

"Hii ni Magadi, sivyo? Ulikodi ndege?"

Nikacheka, nikamwambia ni mtaro wa kwetu Jericho. Naye akacheka. Kisha akasema bado anaitaka kwa ukuta wa mapokezi, atanipa shilingi 18,000, ila nisiandike Jericho. "Andika tu Bila Jina, Namba 3. Wasanii hufanya hivyo." Kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nikaandika Bila Jina, Namba 3.

Siwezi kumlaumu kwa kuona Magadi. Ziwa lile liko katika Bonde la Ufa, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi, na picha zake zilizopigwa kutoka angani ni miongoni mwa picha dhahania maarufu za nchi hii. Halina mto unaotoka. Chemchemi za moto huleta maji yenye magadi, jua huyakausha, na kinachobaki ni tabaka jeupe la trona. Rangi nyekundu na ya waridi hutokana na vijiumbe vidogo mno vinavyostawi katika chumvi nyingi. Ukiwa juu, bila upeo wa macho, huwezi kujua kama unatazama kilomita mbili au sentimita mbili.

Mtaro wetu nao ulijipaka rangi zake kwa njia isiyo mbali sana na hiyo. Ule ukijani ni mwani, nao hustawi maji yanaposimama yakiwa na nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye uchafu wa watu. Weupe ni povu la sabuni lililokauka. Kutu ilitoka kwenye mabati yaliyotupwa humo. Jua, maji yasiyo na pa kwenda na viumbe wasioonekana: kanuni ni zilezile. Tofauti ni kwamba ziwa ni kazi ya maumbile, na mtaro ulioziba ni kazi ambayo mtu alipaswa kuifanya hakuifanya.

Siku moja nilirudi kwa mteja kusasisha mfumo. Nikamsikia msichana wa mapokezi akimwambia mgeni, "Hilo ni Ziwa Magadi, limepigwa kutoka kwa ndege." Nikanyamaza, nikaendelea na kazi yangu.

Jioni nikamwonyesha Mama picha ileile kwenye simu. Mama huuza mboga hatua chache kutoka mtaro ule. Hakuhitaji hata kuvaa miwani.

"Si huu ni mtaro wa nyuma ya soko? Ule tuliouandikia barua?"

"Ndiyo, Mama. Nimeuuza. Elfu kumi na nane."

"Heri wewe. Na hao walionunua, walisema watakuja kuuzibua?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kama mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta. Sisi waandishi wa programu tunaishi kwa udhahania. Ninapoandika amri ya kuhifadhi faili, sihitaji kujua diski inazunguka vipi. Kuficha mambo si dhambi, bila hivyo hakuna programu ingeandikika. Lakini mwaka wa 2002 Joel Spolsky aliandika makala ambayo wengi wetu tumeisoma, akasema kwamba kila udhahania wenye uzito huvuja kwa kiasi fulani. Siku diski inapojaa, lazima uwe na njia ya kushuka chini uone kilichotokea. Ndiyo maana programu nzuri hukupa ujumbe wa hitilafu na namba ya mstari. Ile mbaya hukuambia "kuna tatizo" halafu inanyamaza.

Picha yangu ilikuwa programu mbaya. Niliondoa harufu, ukubwa na majirani, jambo ambalo ni haki ya sanaa hii. Kisha nikaondoa na anwani, na hapo sikuacha njia yoyote ya kurudi.

Najua atakayenipinga. Atanikumbusha Alfred Stieglitz, yule Mmarekani aliyeanza kupiga picha za mawingu mwaka wa 1922, na baadaye akaziita "Equivalents" badala ya kuziita mawingu. Alitaka picha isimame kwa nguvu zake yenyewe, mtazamaji asihangaike na ni wapi na ni nini. Ni hoja nzito na ninaiheshimu. Lakini angalieni alichochagua. Mawingu ni ya kila mtu, hakuna aliyeandika barua akiomba yaondolewe. Mtaro una wenyewe. Ukificha jina la wingu hakuna anayepoteza kitu. Ukificha jina la mtaro, anayepoteza ni Mama.

Tena mteja wangu hakutaka picha isiyo na mahali, kama Stieglitz. Mahali alipataka sana, bora pasiwe Jericho. Ukutani kwake "Bila Jina" iligeuka "Magadi" ndani ya mwezi mmoja. Acha pengo bila jina na watu watalijaza na jina wanalolipenda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, kwa vijana wote wa Eastlands wanaopiga picha za namna hii kwa simu. Ondoeni upeo wa macho mpendavyo, ila msiondoe anwani. Andikeni mahali, tarehe, na umbali kati ya kamera na kitu. Faili ya picha hubeba habari hizo ndani yake: saa, aina ya kamera, hata mahali ukiwa umeruhusu. Lakini programu nyingi za kutumiana picha huzifuta njiani, na karatasi iliyochapishwa haibebi lolote. Basi andikeni kwa kalamu nyuma ya picha. Kama ni mbele ya nyumba ya mtu, andikeni jina la mtaa tu, yatosha. Anayetaka kutazama rangi peke yake hatazuiwa na maneno matatu pembeni.

Wiki jana nilimwandikia mteja barua pepe nikimwomba abandike karatasi ndogo chini ya picha, na nikamwambia niko tayari kumrudishia pesa zake asipotaka. Alijibu kwa upole. Alisema wageni wamelipenda lile ziwa, tuache tu.

Sawa. Picha ni yake, ukuta ni wake. Maelezo bado ni yangu, na nayaweka hapa: Mtaro, nyuma ya soko, Jericho, Nairobi. Mpiga picha alikuwa amechuchumaa, urefu wa mkono mmoja kutoka majini. Hadi ninapoandika haya, bado umeziba.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata.